Filamu ya Mwisho Haikuwa na Sauti

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa duka la chipsi,
kona ya Hilltown, karatasi ya njano, kingo zimelowa:
Filamu fupi saba. Kiingilio: ulicho nacho.
Nilikuwa na sarafu mbili na mwavuli uliovunjika mbavu.
Nikaenda kufuata joto, nisiseme uongo.

Dundee mwezi wa Novemba, saa kumi jioni giza limeshatanda,
na upepo wa mto Tay haubishi hodi.
Ghorofa ya pili, palipokuwa na mitambo ya kufumia magunia,
sasa pana viti vya kila kabila: vya shule, vya kanisa,
kimoja cha daktari wa meno.
Shuka jeupe limetundikwa kwa vibanio vya nguo.
Kijana mmoja, Struan, anahangaika na waya
kama mtu anayemvisha soksi mtoto asiyetaka.

Ya kwanza: dakika nne, mtu anahesabu shakwe juu ya paa,
anakosea, anaanza upya. Basi.
Nilicheka peke yangu, kisha si peke yangu.
Ya pili sikuielewa. Ya tatu pia, ila ilikuwa na bluu
ambayo ningependa kuishonea gauni.
Ya nne, msichana wa miaka kumi na mitano
amempiga picha bibi yake akimenya viazi:
ganda moja refu, halikatiki, halikatiki,
ukumbi mzima tumebana pumzi kwa ajili ya kiazi.
Ya tano, ya sita, nilikuwa nimeshavua koti.

Miaka sita napita chini ya dirisha hili
nikienda kupiga deki wodini,
nikidhani humu wanalala njiwa tu.

Ya mwisho ilikuwa kuukuu, imeokotwa ndani ya debe
chini ya ngazi za nyumba iliyokuwa ikibomolewa.
Wanawake wa kiwanda hikihiki, miaka ya hamsini,
wamesimama kwenye mitambo, vinywa vinakwenda,
na sauti hakuna. "Samahani," akasema Struan,
"mkanda huu ni bubu."

Hapo kiti cha daktari wa meno kikalia kriii.
"Bubu ni wewe," akasema Effie Gourlay,
miaka themanini na minane, kofia ya sufi hadi kwenye nyusi.
"Hao wanaongea. Kwa kelele zile nani angesikia?
Tuliongea kwa midomo. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Naye akatusomea, kidole hewani:
Huyu anasema, shilingi yangu Jumamosi, usinizungushe.
Huyu anasema, mpiga picha kavaa soksi zisizofanana.
Huyu
(kidole kikabaki palepale)
huyu ni Nan, dada yangu.
Anasema ana njaa.

Mama yangu alifanya kazi korona, Korogwe,
kwenye mashine ya kukamua mkonge,
na nyumbani alikuwa akichezesha midomo bila sauti,
jikoni, uani, akianua nguo.
Tulidhani anasali. Tulidhani ana madeni.
Tukamwigiza nyuma ya mlango, tukafa kwa kicheko.
Alikuwa akituambia nini, miaka yote ile,
sisi tuliokuwa na masikio tu?

Taa zikawashwa. Watu wakatafuta makoti yao.
Mimi upande huu wa ukumbi, yeye ule,
nikachezesha midomo bila kutoa sauti: shikamoo.
Akafinya macho, akanisoma
kama mtu asomaye barua miwani akiwa ameisahau.
Kisha akalirudia, silabi kwa silabi, kimyakimya,
shi-ka-mo-o, sawasawa kabisa,
asijue kwamba anamwamkia mtoto.

Nami, Mungu anisamehe,
nikaitikia marahaba.